Nilivyomwondolea nge wangu utitiri bila dawa

Utitiri niliuona kwanza kwenye chombo cha maji. Ulikuwa umetanda ukingoni, vidoa vya rangi ya maziwa vikitembea polepole. Nilidhani ni wale vidudu wanaokula ukungu kwenye udongo wenye unyevu, ambao hawana madhara na wafugaji wengine huwaweka makusudi. Lakini hao ni warefu kidogo, na ukiwagusa wanaruka. Hivi vilikuwa vya mviringo na havikujua kuruka. Usiku nikamulika tangi la kioo anamoishi nge kwa tochi ya urujuanimno (UV). Gamba la nge hung'aa rangi ya kijani chini ya mwanga huo, na juu ya mng'ao ule vidoa visivyong'aa vilijitokeza waziwazi: kwenye maungio ya miguu, chini ya magando na vichache karibu na mdomo.

Ninayemfuga ni Pandinus imperator, yule nge mkubwa mweusi wa misitu ya Afrika Magharibi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Utitiri wa aina hii hustawi palipo na unyevu na mabaki ya chakula. Ukipakausha, unakufa. Anayefuga nge wa jangwani anaweza kukausha tangi lote na shida ikaishia hapo kwa sehemu kubwa. Nge wa msituni ukimkausha vivyo hivyo kwa muda mrefu, unammaliza yeye pamoja na wadudu wake.

Kabla ya kufanya lolote nilitaka kujua ni utitiri gani. Nilimwongoza nge kwa kipande cha kadi hadi kwenye kasha la plastiki linaloonyesha, nikafunga kifuniko na kuliinua juu ya taa ili nimtazame tumboni. Njia hii naipenda kwa sababu humgusi kabisa. Kwa lenzi niliyaona matundu yake ya kupumulia, manne kila upande, na nyuma ya miguu vile viungo viwili vyenye umbo la chanuo. Utitiri mwingi ulikuwa unatembeatembea. Huo hula mabaki yaliyooza ya nyenje ninaomlisha nge, na nge kwake ni mahali pa kudandia tu. Ila palikuwa na vidoa vichache vilivyotulia kwenye ngozi laini kati ya pingili, havisogei hata ukipuliza. Utitiri unaofyonza hujishikiza namna hiyo. Hata hivyo baadhi ya utitiri usiofyonza nao hujishikiza katika hatua fulani ya ukuaji, ukisubiri kusafirishwa na mdudu mkubwa, na wakati huo hauli chochote. Kwa hiyo sikuhukumu haraka. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni yale matundu: vikijazana pale, nge anakosa hewa.

Rafiki yangu mmoja anayefuga mbwa alinishauri kwa nia njema kabisa.

"Ndugu yangu, si umpulizie tu dawa ya kupe?"

"Nikipulizia, atatangulia yeye."

Sikuwa natania. Nge, kupe, buibui na utitiri wote ni araknida, yaani viumbe wa kundi moja wenye miguu minane. Dawa iliyotengenezwa kuua kupe haina namna ya kujua kwamba huyu mwenye mwiba ni mpenzi wa nyumbani.

Nikamwacha kwenye lile kasha la plastiki, nikaligeuza kuwa wodi. Chini niliweka karatasi za tishu bila udongo wowote, chombo kifupi cha maji, na boksi dogo la karatasi la kujifichia ambalo ningeweza kulitupa. Pembeni nilitoboa matundu ya hewa, na ukingo wa juu, kwa nje, nikaupaka mafuta ya mgando ili wanaohama wanase hapo. Kila siku nilibadilisha tishu, boksi na maji. Kazi yenyewe inachosha kuliko inavyosimuliwa, lakini ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya tiba: utitiri ukishuka kutafuta chakula haukuti kitu, na ule ulioingia majini unamwagwa nao. Chakula nilikisitisha. Nge mkubwa mwenye afya anavumilia wiki kadhaa bila kula, ila maji hayakosekani, hasa anapokaa mahali pakavu kuliko alivyozoea. Nilipoona anakaa muda mrefu na mdomo majini, nililowesha kona moja ya tishu na kuiacha nyingine kavu.

Kusafisha mwili kulihitaji watu wawili. Mimi nilimshika mkia, chini kidogo ya mwiba, kwa koleo refu ambalo ncha zake nilizifunga sponji ili nisimvunje. Ndugu yangu alishika brashi nyembamba ya kuchorea, iliyochovywa kwenye maji matupu, akifagia kutoka kwenye maungio kwenda nje na kuifuta kwenye tishu kila mara. Wapo wanaopaka mafuta ya mgando kwenye ncha ya kijiti cha pamba na kuunasa utitiri nayo. Inafanya kazi mgongoni, lakini karibu na matundu ya kupumulia siithubutu, kwa sababu mafuta yanaziba kilekile unachotaka kukizibua. Vile vidoa vilivyong'ang'ania hatukuving'oa. Ngozi kati ya pingili ni laini, ikichanika nge anavuja maji ya mwili, na jeraha hilo ni baya kuliko utitiri wenyewe. Nge mdogo angeviacha kwenye gamba kuukuu anapojivua. Wangu ameshakomaa na hajivui tena, hivyo tuliendelea kupitisha brashi kila baada ya siku chache, bila nguvu, na vingi vikaachia vyenyewe.

Tangi nalo nililimwaga lote. Udongo ukatupwa nje ya nyumba, kioo kikaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa hadi kwenye pembe, magome yakachemshwa. Nikaweka unga mpya wa makumbi ya nazi.

Hatua iliyonifanya nisite ni kununua utitiri mwingine. Kuna utitiri mwindaji, Stratiolaelaps scimitus, ambao zamani uliuzwa kwa jina la Hypoaspis miles. Wakulima wa mimea ya ndani huutumia dhidi ya wadudu wa udongoni, nao hula utitiri mdogo pia. Unaishi kwenye udongo wenye unyevu, kwa hiyo makazi ya nge wa msituni yanaufaa, na mawindo yakiisha nao hupungua wenyewe. Niliumwaga kwenye makumbi mapya baada ya kusafisha, maana kuutegemea peke yake kwenye tangi chafu ni kuupa kazi isiyoisha. Haukumsumbua nge. Kwa mwenye nge wa jangwani nisingeupendekeza, udongo mkavu ungeuua kabla haujawinda.

Chanzo nilikipata kwenye boksi la nyenje: pumba walizokuwa wakilishiwa zilikuwa zinatembea. Siku hizi nyenje wanakaa kwanza kwenye chombo safi chenye kipande cha karoti ndipo waingie kwa nge, na mabaki nayatoa asubuhi inayofuata. Maji nayamwaga pembeni yashuke chini, juu pabaki pakavu, na tangi lina matundu pande mbili ili hewa ipite. Mara mojamoja bado naona kidoa kimoja au viwili kwenye ukingo wa chombo cha maji. Nabadilisha maji na kuangalia tumbo lake kwa tochi. Kama maungio ni safi, simsumbui.