Siku moja na michoro ya wanafunzi wangu viziwi

Saa 11 alfajiri. Upepo wa Dodoma umeamka kabla yangu. Nachaji simu mbili, nafuta vumbi kwenye lenzi, nakunja kitambaa cha bluu kisicho na maua, cha kutundika nyuma ya anayerekodiwa.

Saa 2 asubuhi. Nawasha na kuzima taa. Darasa zima linanigeukia. Tunaandaa maonyesho ya Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Ndiyo tarehe Shirikisho la Viziwi Duniani lilipoanzishwa, mwaka 1951.

Saa 4 na nusu, baada ya uji, tunarekodi. Kila msanii anaeleza mchoro wake kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Mwanga wa dirisha lazima umpige usoni. Ukitokea mgongoni uso unakuwa giza, na swali linaulizwa kwa nyusi! Viwiko navyo visikatwe kwenye picha.

Binti wa darasa la 6 amechora mbuyu na madoa meusi angani. Mimi nilishaandika chini yake: “Ndege wanarudi.” Akasoma, akatikisa kichwa. Akajaza mashavu hewa, akafumba macho nusu, mikono yake ikapeperuka kutoka kulia hadi kushoto. Si ndege. Ni majani aliyoyafagia asubuhi, upepo umeyarudisha uwanjani. Nilifuta maneno yangu palepale, na yaliniuma, kwa sababu nilikuwa nimemsemea mtoto mwenye la kusema. Sasa siandiki neno kabla sijaona mikono.

Saa 7, ugali na mlenda.

Saa 9 alasiri. Mwalimu mwenzangu, kiziwi, anakagua maandishi ninayoweka chini ya video; ananirekebisha mara mbili. Video tunatumiana kama faili la hati, maana WhatsApp ikiibana vidole vinakuwa ukungu. Kisha nachapa msimbo wa QR, naubandika kando ya mchoro. Mgeni akiuelekezea simu, msanii mwenyewe anamweleza.

Saa 11 jioni. Baba yake binti amefika kutoka Bahi kumchukua. Namsaidia kufungua video. Anaitazama mara tatu, kimya.

“Mwalimu, nyumbani huwa tunaonyeshana kwa vidole tu. Hapa amesema nini?”

“Upepo, baba.”

Anamgeukia binti yake, anajaza mashavu hewa. Binti anamshika mikono, anamrekebisha viganja.