Siku 61, na kidonge ambacho sikukihesabu kuwa dawa

Hedhi ilikuwa imechelewa, na kipimo cha mimba cha mkojo kilitoa mstari mmoja. Nikakiacha pembeni ya sinki, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi kukichungulia kana kwamba kinaweza kughairi. (Usifanye hivyo. Muda ulioandikwa kwenye karatasi yake ukishapita, kivuli cha mstari kinachojitokeza hakina maana yoyote, ni cha kukutia presha tu.) Sikuwa nataka mtoto wakati ule, kwa hiyo nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaingiwa na hofu mpya: kama si mimba, ni nini?

Wiki moja baadaye nikapima tena, safari hii kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mstari mmoja. Shoga yangu akaniambia ninywe vidonge vya kushusha damu, yaishe. Nashukuru sikumsikiliza. Kushusha damu bila kujua kwa nini imegoma ni kufunika sufuria inayoungua.

Nilipofika kwa daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, swali lake la kwanza lilinishinda. "Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?"

"Mwezi wa juzi, katikati hivi."

"Katikati hivi si tarehe, mwanangu."

Sikuwa na daftari wala kalenda. Nilichokuwa nacho ni dada yangu. Kila mwezi, tumbo likianza kunisokota, namtumia ujumbe wa kulalamika. Nikakaa pale pale kwenye kiti kuperuzi simu nikiyasaka malalamiko yangu mwenyewe: "nimeingia, naumwa," "leo siamki." Daktari akawa anaandika. Siku 28, 29, 27, halafu 37, halafu 46, na sasa nilikuwa siku ya 61 bila tone. Hapo hapo nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nahesabu vibaya. Nilikuwa naanzia siku damu inapokatika, kumbe mzunguko unahesabiwa toka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Mabinti waliovunja ungo karibuni hupishana zaidi, hata kufikia 45, na kwa wengi hutulia wenyewe baada ya miaka michache.

Kisha akaniambia jambo lililonifungua macho: mara nyingi si hedhi inayochelewa, ni yai. Yai likishapevuka na kutoka, kama hakuna mimba, damu huja baada ya wiki mbili hivi, na muda huo haubadiliki sana. Kinachovutika ni kipindi cha kabla ya yai kutoka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: nini kimelizuia yai?

Maswali yake yote yakaanza kuniingia akilini. Umepungua uzito ghafla? Unafanya mazoezi makali? Umefiwa, umeugua, hulali? Umewahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango? (Ile ya miezi mitatu inaweza kuivuruga hedhi kwa miezi mingi hata baada ya kuiacha.) Umemeza vidonge vya dharura? Unasikia baridi kuliko wenzako, nywele zinakatika, umechoka tu bila sababu? Hayo ni ya tezi ya shingo. Ndevu, chunusi zisizoisha? Hapo alikuwa anawazia ovari zenye vifuko vingi. Joto la ghafla usiku? Ukomo wa hedhi, ambao kwa wachache huja hata kabla ya miaka 40. Kila swali nikajibu hapana.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana." Nilijibu haraka, tena kwa moyo mweupe.

Alipofika kwenye matiti akauliza kama nimewahi kuona maziwa. Nikacheka, sijazaa mimi. Kicheko kikakatika katikati. Nilikuwa nimeona doa kwenye sidiria, limekauka na kukakamaa, dogo kama punje ya choroko, nikalilaumu sabuni. Akaminya taratibu. Likatoka tone jeupe. Tukalitazama wote wawili.

"Sasa nakuuliza upya," akasema. "Dawa. Yoyote. Hata ya tumbo."

Nikafungua mkoba. Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na karatasi ya domperidoni, imebaki vidonge vinne. Niliandikiwa kwa ajili ya kichefuchefu na tumbo kujaa, kimoja kabla ya kula, mara tatu kwa siku, kwa wiki moja. Vilinisaidia, basi nikaendelea kununua mwenyewe kwa karibu miezi mitano. Kilikuwa kimeshakuwa sehemu ya kula, kama kunawa mikono. Ndiyo maana sikukihesabu.

Dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini ndiyo inayoishikia breki prolaktini, homoni ya maziwa. Breki ikilegea, prolaktini hupanda, na ikipanda hunyamazisha homoni zinazoamuru yai lipevuke. Ndicho kinachowatokea wanaonyonyesha wakakaa miezi bila hedhi. Mwili wangu uliamini una mtoto wa kunyonyesha. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hufanya hivyo pia, ila hizo asiziache mtu bila kuongea na aliyemwandikia.

Alitaka vipimo vya damu hata hivyo: mimba, tezi ya shingo, prolaktini. Damu ya prolaktini ilichukuliwa saa kadhaa baada ya kuamka, nikiwa nimetulia, na nikaonywa nisiminye matiti, maana kuminya kwenyewe huipandisha. (Nilikuwa nimeminya usiku kucha kuhakikisha. Tukaahirisha kwa siku mbili.) Jibu lilikuwa zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu cha kawaida. Akaniuliza kuhusu maumivu ya kichwa na kuona kwa pembeni, akasema nikiacha dawa na isiposhuka, tutapiga picha ya kichwa kuangalia tezi iliyo chini ya ubongo. Uvimbe wa pale mara nyingi si saratani na wengi hutibiwa kwa vidonge, lakini nakiri usiku ule sikulala.

Akaniambia pia yasiyongoja miadi: maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo na kizunguzungu wakati hedhi imechelewa, kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, au damu inayolowesha pedi nzima kila saa. Na asiye mjamzito wala hanyonyeshi wala hatumii uzazi wa mpango, akikaa miezi mitatu bila hedhi, asikae tu.

Nikaacha domperidoni, tumbo likatafutiwa namna nyingine. Wiki mbili baadaye prolaktini ilikuwa imerudi mahali pake. Hedhi yenyewe ilingoja hadi siku ya 33 tangu niache dawa, ikaja alfajiri na msokoto wake ule ule. Nikamtumia dada ujumbe: "Nimeingia, naumwa, leo siamki."

Akajibu: "Alhamdulillahi."