Kisu cha Kijapani: nunua kinoo kwanza

Kabla ya kutuma pesa za kisu cha Kijapani, nunua kinoo cha maji namba 1000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi) na unoe kisu ulicho nacho. Visu vingi vya majumbani mwetu havina ubaya wowote, ila tangu vitoke dukani vimenolewa kwenye ngazi ya saruji au kitako cha sahani. Kikinolewa sawasawa, hata kisu cha bei ya chini huchana ganda la nyanya bila kukandamizwa. Baada ya hapo tazama makali yanadumu kiasi gani. Yakikaa wiki moja au mbili za mapishi ya nyumbani na umeridhika, jibu umeshalipata na pesa zako zimebaki. Yakifa baada ya siku tatu, au kisu kikiwa kikali lakini bado kinakwama ndani ya karoti na kuipasua, hapo kisu cha Kijapani kinaanza kuwa na maana.

Unacholipia ni ugumu wa chuma na wembamba wa bapa. Visu vya Ulaya kama Victorinox hutengenezwa kwa chuma cha HRC 55 hadi 58 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, na hunolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Vya Kijapani kwa kawaida huanzia 60, vingine hupita 63, na hunolewa nyuzi 15 au pungufu. (Si vyote: visu vya kampuni ya Global, vinavyotoka Niigata, Japani, viko 56 hadi 58 tu, kwa hiyo neno “Japan” kwenye boksi peke yake halikuhakikishii ugumu.) Chuma kigumu hubeba makali membamba bila kupinda, ndiyo maana hudumu.

Lakini kwangu mimi wembamba ndio unaostahili pesa zaidi. Gyuto, yaani kisu cha kazi zote, ya sentimita 21 huwa na mgongo wa milimita 2 hivi, na huzidi kukonda kuelekea makali, basi hupita kwenye kitunguu bila kukitanua. Anayekata vitunguu vya biriani kilo 3 ataiona tofauti kwenye karai: vipande vya unene mmoja huiva rangi moja, si vingine vimeungua na vingine bado vyeupe. Kachumbari nayo huchelewa kutoa maji, kwa kuwa nyanya zimekatwa, hazikupondwa.

Ugumu huohuo ndio unaokiua kisu. Chuma laini kikigonga mfupa, makali hupinda na unaweza kuyanyoosha. Kigumu humeguka, na ukitazama kwenye mwanga unaona mapengo. Kwa hiyo kifuu cha nazi, kuku wa mifupa, mbavu za mbuzi, samaki aliyeganda barafu, kokwa la embe na boga la ganda gumu si kazi yake. Panga lipo, litumike. Muhogo nao una hatari yake: watu wakiona kisu kimekwama hukipindua kushoto na kulia ili muhogo upasuke, na hapo ndipo makali yanapobaki ndani. Sukuma wiki ya kukatia mkononi, kisu kikija kuelekea kidole gumba, iachie kisu kidogo. Gyuto haijui kusimama kwenye ngozi.

Kwa samaki hutegemea unamfanyaje. Kutoa mnofu wa nguru au jodari kwa kufuata uti bila kuukata, gyuto inaweza. Kukata kichwa cha changu ni kazi ya deba, kisu kizito chenye mgongo wa milimita 5 au zaidi. Deba hunolewa upande mmoja, upande wa pili una bonde dogo linalotaka kunolewa kwa ustadi, na ya mtu wa mkono wa kushoto hutengenezwa kivyake na huwa ghali zaidi. Kama samaki wako huwa ameparwa na kukatwakatwa sokoni, usijisumbue na deba.

Ubao nao una neno. Mvule unafaa, plastiki laini inafaa. Kioo, marumaru, kigae na sahani huua makali kwa pigo la kwanza, hata kama kisu ni cha mfalme.

Sasa suala la kunoa, ambalo kwa Mombasa ndilo linaloamua. Usimpe fundi wa gurudumu anayepita mtaani. Kwa panga na visu vya buchari ni fundi mzuri, lakini gurudumu kavu huchemsha makali. Yakigeuka rangi ya buluu, ugumu umeondoka hapo, na haurudi mpaka sehemu hiyo yote isagwe. Kile chuma cha duara chenye mistari wanachotumia mabuchari nacho hakifai: kazi yake ni kunyoosha chuma laini kilichopinda, kwenye kigumu huongeza mapengo.

Nyumbani fanya hivi. Loweka kinoo namba 1000 dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yakome (baadhi ya mawe hunyunyiziwa maji tu, na yakilowekwa huweza kupasuka, basi soma maelezo yake). Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Kama bapa lina upana wa milimita 45, inua mgongo milimita 12 hivi kutoka kwenye jiwe; hizo ndizo nyuzi 15. Noa upande mmoja tu mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, ukingo mdogo wa chuma unaokwaruza kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Wengi hukosea hapa: wanageuza kisu kila baada ya mipigo michache, ukingo haujatokea, kisha wanalaumu jiwe. Ukitokea kote, geuza, fanya vivyo hivyo, halafu punguza nguvu kila unapogeuza mpaka ukingo uishe. Malizia na namba 3000, kisha pitisha kisu kinyumenyume juu ya gazeti au ngozi. Jiwe likibonyea katikati, nyuzi zote zinaharibika. Chora mistari ya penseli juu yake, sugua kwa msasa wa maji uliotandazwa juu ya kioo, na usiache mpaka mistari yote ifutike.

Kuhusu aina ya chuma sina simile: anayeishi karibu na bahari, na hasa anayeanza, achukue kisichoshika kutu. Shirogami na Aogami, vyuma maarufu vya kaboni kutoka Yasugi, hunoleka kwa raha isiyo na mfano, lakini jikoni ya pwani, yenye ndimu, ukwaju na embe mbichi, vitakutesa. Rangi ya kijivu na buluu ikitanda kwenye bapa haina neno, hiyo hukilinda. Ya hudhurungi ni kutu, na kisu kilichoachwa na maji kwenye sinki kinaweza kuipata kabla hujamaliza kula. Ukikitaka bado, kifute kila baada ya ndimu na ukipake mafuta membamba ya parafini ya duka la dawa, ile ya kunywa ya tumbo. Tahadhari, si parafini ya jiko! Mafuta mengi ya kupikia huvunda na kunata. VG-10, chuma cha Kijapani kisichoshika kutu kirahisi, ina kromu asilimia 15 hivi, inastahimili, ingawa maji ya klorini na chumvi iliyokauka juu yake huweza kuitoboa vitone vidogo.

Mpini wa Kijapani wa mti mwepesi hunyonya maji, na msumari wa kisu, yaani mkia wa bapa ulioingia ndani ya mpini, hupata kutu pasipoonekana. Ziba ufa wa pale bapa linapoingia kwa nta ya nyuki, au chagua mpini wa Kizungu wenye ribiti.

Kwenye masoko ya mtandaoni utakutana na “Damascus”, visu vyenye mawimbi kwenye bapa, za bei ya kutupa. Mawimbi mengi ya aina hiyo yamechorwa juu tu, ukisugua kwa msasa laini yanafutika. Hata yaliyo ya kweli ni tabaka za nje, hayakati chochote. Muulize muuzaji jina la chuma, HRC na unene wa mgongo. Akikujibu “chuma cha Kijapani” na hana zaidi, achana naye.

Kwa hesabu, gyuto ya kuanzia yenye VG-10, mfano ya kampuni ya Tojiro, iko karibu dola 100 huko nje. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na vinoo viwili. Ikifika shilingi 20,000 usishangae, na kupanda kutoka hapo hadi kisu cha 60,000 unalipia zaidi umaliziaji na mkono wa mhunzi kuliko ukataji. Kwa aliye na bajeti ndogo, visu vya Kiwi vya Thailand ni vyembamba kweli na vya bei rahisi mno. Chuma chao ni laini, utanoa mara nyingi, lakini kinoo si unacho tayari? Na ukimwagiza ndugu anayerudi kutoka safari, mwambie akiweke kwenye begi linalopelekwa chini ya ndege, kimefungwa ncha, kwa kuwa kwenye begi la mkononi kitachukuliwa uwanjani.