Honda ya mzee na pikipiki mbili za kuchinja

Fundi wa kwanza aliizunguka mara moja tu. Akaligonga tangi kwa ukucha, akasikiliza, akaniambia, "Mwalimu, hii wape watu wa chuma chakavu." Sikumjibu. Nilimlipa soda yake nikaikokota Honda hadi nyumbani, matairi mawili yakiwa bapa, watoto wa shule yangu wakinicheka njia nzima.

Ni Honda CG125 ya marehemu baba, aliyekuwa bwana mifugo. Alizunguka nayo vijiji vya Kilosa akichanja ng'ombe, na alipostaafu akaiegesha nyuma ya jiko. Ilikaa pale miaka 14. Kuku walikuwa wanataga kwenye sponji ya kiti, na panya walikuwa wamekata nyaya zote zilizokuwa na ladha.

Kilichonipa moyo ni kitu ambacho kila mwendesha bodaboda anakijua bila kujua kwamba anakijua. Honda walitoa CG125 mwaka 1976, wakiitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo mtu hupakia mizigo, husahau kubadilisha oili, na fundi wake ana spana tatu. Waliacha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya juu yenye cheni, wakarudi kwenye kamshafti ya chini yenye vijiti viwili vinavyosukuma valvu. Injini hiyo ikaja kunakiliwa na viwanda vingi vya China, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina mnazoziona stendi zimebeba tumbo la Honda ya baba yangu. Maana yake ni kwamba sikuhitaji spea kutoka Japani. Nilihitaji mjukuu wa kuchinja, yaani pikipiki ya Kichina ya kung'oa spea. Ila awe mjukuu halisi: Boxer ya Wahindi, kwa mfano, spea zake zimejaa kila duka, lakini kamshafti yake iko juu, ni ukoo mwingine kabisa.

Nilinunua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cc 125 iliyogonga lori, foko zimepinda kama miguu ya mbuzi, lakini injini inawaka. Shilingi 280,000. Ya pili ilikuwa ya cc 150 iliyokwama injini, 150,000. Kwa zote niliomba kuona kadi ya usajili kabla ya kutaja bei. Muuzaji mmoja alikuwa na pikipiki nzuri zaidi kuliko hizi mbili, ila kadi "iko kwa shemeji Dodoma." Nikamwachia na shemeji yake.

Kabla ya kufungua nati hata moja niliamua jambo moja: chesisi na kesi ya injini ya Honda havibadiliki. Namba za vyote viwili ndizo zilizo kwenye kadi ya mzee, na mimi sikutaka kutembea na pikipiki ambayo karatasi inasema hivi na chuma kinasema vile. Ndani ya kesi, ingia utakavyo. Fundi niliyempata baadaye, kijana aliyezaliwa baada ya pikipiki hiyo kununuliwa, aliona ninajisumbua. "Mwalimu, tupachike injini nzima ya Mchina, ndani ya saa nne tu umewasha." Alikuwa sahihi kuhusu saa nne.

Tulipopasua injini tulikuta silinda imeliwa na kutu upande mmoja, na beringi za krenki zinalia ukizizungusha kwa kidole. Hapo tamaa ikaniingia. Nina silinda ya 150 pale chini, kwa nini nisiongeze nguvu? Hesabu yake ni tamu kwelikweli: mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 49.5, kilichoongezeka ni upana tu, kutoka 56.5 hadi 62. Nilisafisha silinda ile jioni nzima. Asubuhi tukaijaribu, shingo yake ya chini ikagoma kuingia kwenye mdomo wa kesi. Ndiyo maana ya milimita tano na nusu, nami ninafundisha hesabu! Fundi akashauri tupeleke kesi kwa mkereza vyuma aipanue. Nikauangalia ule ukuta mwembamba wa alumini, nikaangalia namba ya mzee iliyogongwa pembeni, nikasema hapana. Tukachukua silinda ya ile 125 iliyogonga lori. Ikakaa kama iliyozaliwa hapo. Pistoni na ringi nikanunua mpya.

Krenki nayo niliitoa kwenye 125 hiyohiyo, na hapa nawashauri mnaotaka kujaribu: upande wa kushoto chukueni kila kitu kama familia moja. Krenki, sumaku, koili zake na mfuniko, vyote kutoka injini moja. Mimi mwanzoni nilitaka kuchanganya, sumaku ya huku na koili za kule, nikapoteza Jumamosi mbili nikisikiliza chuma kikisugua chuma. Sababu ya kubadilisha upande huo ni umeme. Honda ya mzee ilikuwa ya volti 6, na moto wake unakatwa na pointi ambazo baba alikuwa anazisugua kwa msasa kila akirudi safari. Ya Kichina ni volti 12 na CDI, kijiboksi cha kukata moto kisichosuguliwa wala kuombwa. Ukihamia volti 12 lakini, uhame kikamilifu: betri, rektifaya, honi, kikatio cha indiketa, na kila balbu. Kila balbu. Ile ndogo ya ndani ya spidomita niliisahau, ikawaka nyeupe kama radi nusu sekunde, kisha ikapumzika milele.

Nyaya nilizivuta mwenyewe kutoka kwenye ile 150, mezani, usiku, nikifuata rangi moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari la mazoezi la darasa la sita. Wachina hawafuati rangi za Honda kila mahali, kwa hiyo usiamini rangi, amini mita ya umeme. Sina la kuongeza kuhusu wiki hizo tatu ila mgongo uliuma.

Siku ya kuwasha kiki ilinirudishia mguu kama punda. Mara ya pili moto ukatoka kupitia kabureta, tukaruka. Fundi akalaumu CDI, mimi nikalaumu mafuta. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha koili, tukabadilisha hadi mpigaji wa kiki, hakuna kitu. Siku mbili baadaye nilifungua tena, nikakuta kosa ni langu. Gia ya krenki na gia ya kamshafti kila moja ina kidoti, na vidoti hivyo vinatakiwa vitazamane. Vya kwangu vilikuwa vimepishana jino moja. Nilikuwa nimevilinganisha kwa tochi ya simu nikiwa nimepiga magoti upande, na ukitazama kwa pembeni jino linakudanganya. Nikazirekebisha, nikapima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.08 zote mbili, nikapiga kiki. Ya tatu ikashika.

Shokapu za nyuma zilitoka kwenye 150. Ni nene, zimezoea magunia ya mkaa, nikazipenda. Zilikuwa ndefu kuliko za Honda kwa kama sentimita mbili, nikaona si neno. Kumbe nyuma ikipanda, stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala kupita kiasi. Ilianguka ikiwa imeegeshwa nje ya ofisi ya walimu, mbele ya mwalimu mkuu, na kuvunja kioo kipya. Fundi wa kuchomelea aliongezea stendi kipande cha nondo na kisahani chini yake. Ni mbaya kutazama, lakini inasimama.

Tangi sikulibadilisha, ingawa la Kichina lilikuwa safi. Ndani nilitia nati za zamani na siki, nikalifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli iliyopinduliwa, mtoto akawa anazungusha pedeli kwa malipo ya chipsi. Kutu ilitoka kama uji wa ulezi. Bonde lililoko upande wa kulia liliachwa na goti la baba siku aliyokutana na nguruwe pori barabarani, nalo nimeliacha.

Eksozi ndiyo iliyonishinda kimaamuzi. Ya Honda ilikuwa imeoza tumboni, nikafunga ya ile 125, inang'aa, inafaa bila kulazimisha. Nikampitia mama. Alikuwa ndani anachambua mchele, nikapiga honi, hakutoka. Nikaingia. "Nimesikia bodaboda," akasema, "nikajua wewe umepanda."

Wiki iliyofuata nilimrudia mchomeleaji na ile eksozi iliyooza. Akakata tumbo lake, akaweka bati jipya, akaacha mdomo na shingo ya zamani. Sauti imerudi ile nzito ya chini, na sasa mama anaitambua kuanzia kona ya msikiti. Amesema niweke keria pana, maana ya sasa inamkata. Keria ya ile 150 bado ipo, ila matundu yake hayalingani na ya Honda, kwa hiyo Jumamosi naenda tena kwa mtu wa kuchomelea.