Wavuvi Saba, Jina Moja

Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwa Waya huko Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Waya ni dada yake baba. Ndivyo Wajaluo tunavyomwita shangazi. Alfajiri alikuwa akienda Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, kununua samaki aina ya mbuta na ngege, akawapakia kwenye barafu, akawatuma Nakuru. Kabla ya mashua ya kwanza kufika, huipima mizani yake kwa pakiti ya unga ya kilo 2, halafu hufungua kaunta buku iliyonuka samaki mpaka jalada. Mimi, kwa aibu ya kula ugali wa bure, nikamwahidi programu ya simu.

Ya kwanza ilikuwa na safu tano, moja kwa kila mvuvi: jina lake, aina ya samaki, kilo. Tano kwa sababu ndizo zilizotosha kwenye skrini, basi. Siku tatu zikapita salama. Siku ya nne upepo ukasogeza magugumaji yaliyoziba ufuo, mashua zikaingia kwa mkupuo mmoja, na Waya akanipigia simu: "Nyathina, mwanangu, huyu wa sita nimwandike wapi, mgongoni?"

Kwa hiyo safu zilipaswa kuzaliwa kila akibonyeza kitufe cha Ongeza. Kwenye Android, mfumo unaoendesha simu yake, kazi hiyo ina chombo chake, LayoutInflater. Unachora safu moja kwenye faili ya XML, yaani maandishi yanayoeleza skrini ionekane vipi, nacho kinaitia upepo, kama fundi wa baiskeli na tairi, hadi iwe kitu cha kuonekana. Usiku huo nikaitia upepo safu moja na kila kitufe kilipobonyezwa nikabandika ileile. Ya kwanza ikakaa. Nilipobonyeza tena programu ikaanguka, na maandishi mekundu yakanieleza kwamba mtoto huyu tayari ana mzazi. Saa nane za usiku, nikacheka peke yangu. Kumbe kipande kimoja hakibandikwi mara mbili. Kila safu hutiwa upepo upya. Nikarekebisha, lakini ya pili bado haikuonekana. Ilikuwapo, ila imesukumwa nje ya ukingo wa kulia, maana LinearLayout, fremu iliyobeba safu zangu, usipoiagiza hupanga vitu kwa mlalo. Agizo moja la kuisimamisha wima likamaliza hayo.

Jumamosi nikaenda naye Dunga kujionea. Wavuvi saba, safu saba, Waya anabonyeza kwa kidole chenye magamba. Nilivimba kichwa. Kisha jua likapanda, akashindwa kusoma, akaigeuza simu upande ili maandishi yapate nafasi. Skrini ikabaki nyeupe.

Simu ikigeuzwa, Android huubomoa ukurasa mzima na kuujenga upya kutoka kwenye faili. Kwenye faili hapakuwa na safu hata moja; zote zilikuwa zimezaliwa baadaye. Samaki nao walikwisha kuchanganywa ndani ya barafu. Ikabidi kila mvuvi ataje kilo zake kwa kumbukumbu, na samaki wa mvuvi hukua akisimuliwa. Waya akalipa. Njiani akaniuliza swali moja tu: "Kwani ulikuwa unaandika juu ya kioo?"

Sikumwelewa. Nilidhani tatizo ni idadi, basi nikaifundisha programu kukumbuka safu zilikuwa ngapi na kuzirudisha. Jumatatu niliigeuza simu mimi mwenyewe, mbele ya watu. Safu saba zikarudi, na zote saba zilikuwa za mzee wa mwisho: jina lake, mbuta wake, kilo zake 31. Safu zangu zilitoka kwenye mchoro mmoja, kwa hiyo visanduku vyake vya kuandikia vilishiriki vitambulisho vilevile kwenye kila safu, na Android huhifadhi maandishi kwa kitambulisho. Kila safu ilimfuta mwenzake, akabaki wa mwisho, akagawiwa wote. Kijana aliyeleta kilo 4 alichungulia juu ya bega langu, akasema, "Hii programu ni nzuri sana. Msiiguse."

Safari hii Waya alikuwa na kaunta buku kwapani, hatukupoteza kitu.

Usiku wa tatu lile swali la kioo likanirudia. Nikaacha kuzitegemea safu. Majina na kilo nikayapeleka kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya simu, kila herufi inapoandikwa. Safu zikawa za kuonyesha tu, na visanduku nikavikataza kujihifadhi vyenyewe. Msimbo wenyewe ulipungua, jambo ambalo lilinitia uchungu kidogo nikikumbuka usiku mbili zilizopita.

Waya hakusema amefurahi. Kesho yake aliweka pakiti ya unga kwenye mizani, akasoma 2. Akaandika jina langu kwenye simu, samaki: unga, kilo: 2. Akaongeza safu ya pili, jina la baba yangu, kilo 5. Akaigeuza simu mara tatu, akaisogeza karibu na macho, ndipo akawaita wavuvi.