Jinsi nilivyoipeleka klabu yetu ya kriketi kucheza vijijini Hampshire

Kazi ya kuandaa safari ya kriketi huanza wakati ambapo hakuna anayeifikiria kriketi: mwezi Januari, jua likizama saa 10 jioni na mvua ikinyesha kutwa. Hapa Uingereza msimu wa klabu ndogo hufunguliwa mwishoni mwa Aprili na kufungwa Septemba, na katibu wa ratiba wa kila kijiji hupenda kuzijaza Jumamosi na Jumapili zake mapema, kungali baridi. Ukipiga simu Juni kuomba mechi ya Julai, utaambiwa kwa upole kwamba nafasi hakuna. Ndiyo maana nilipokabidhiwa jukumu la kuipeleka timu yetu ya London kwenye vijiji vya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwa wikendi moja, barua za kwanza nilizituma mwaka mpya ukiwa bado mbichi.

Klabu yetu ni ya watu wa Jumapili. Hatuna uwanja wetu, tunakodi wa manispaa. Wamo Wapakistani, Waingereza, Mwaustralia mmoja, Wahindi waliozaliwa Nairobi, na sisi wa pwani: mimi wa Mombasa, na dereva mmoja wa basi kutoka Tanga ambaye timu nzima, hadi Mwaustralia, humwita Mjomba. Wapo waliowahi kucheza ligi ya ushindani, na wapo walioshika gongo la kriketi kwa mara ya kwanza wakiwa wamepita miaka arubaini. Haya yote niliyaeleza wazi kwenye kila barua. Niliandika kwamba tuna mrushaji mmoja wa kasi, wapigaji wawili wazuri, na waliobaki ni wa kawaida au chini ya kawaida. Niliomba tupewe timu inayolingana na hiyo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua kama utaalikwa tena au la. Klabu ya kijiji inaendeshwa na watu wa kujitolea. Ile pichi ya mita 20.12, yaani ukanda wa katikati ya uwanja ambako mpira hurushwa na kupigwa, unayoikuta imekatwa majani na kupigwa rola imemmaliza mtu jioni zake kadhaa. Kuna aliyeamka asubuhi kupaka mikate siagi kwa ajili ya chai ya watu ishirini na wawili. Wenyeji hawa wamekupa siku yao ya mapumziko. Ukiwaletea timu kali mno, mechi ikaisha saa 10 alasiri, umewaharibia siku. Ukiwaletea timu dhaifu mno, ni vilevile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sioni mahali msemo huo unapofaa zaidi ya kwenye kriketi ya kijijini.

Vijiji viwili vilikubali, vyote viko karibu na bonde la mto Meon. Eneo hilo nililichagua makusudi, sababu nitaieleza baadaye.

Pesa nilizikusanya kwa awamu, Machi, Aprili na Mei, na nilisema mapema kwamba anayehesabiwa ni yule aliyemaliza kulipa. Majina niliandika kumi na matatu ingawa timu ni watu kumi na mmoja, kwa maana sijaona safari ambayo hapatokei mtu wa kuugua au kuitwa kazini siku ya Ijumaa. Usafiri ulinisumbua zaidi. Nilitaka basi dogo la pamoja, lakini aliyepata leseni ya gari dogo tangu mwaka 1997 hapati moja kwa moja daraja la kuendesha basi la abiria zaidi ya wanane, na Mjomba, ambaye leseni ya basi anayo, alistahili wikendi moja bila kushika usukani. Tukaenda kwa magari manne madogo kupitia barabara ya A3, vifaa tukivigawanya: pedi na glavu gari hili, magongo na helmeti gari lile, ili gari moja likikwama tusikose kila kitu.

Kuhusu chakula na sala nilizungumza na wenyeji waziwazi wiki mbili kabla. Niliwaambia kwamba baadhi yetu hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kihalali, na kwamba mikate ya mayai, jibini na matango inatutosha kabisa. Walifurahi kuambiwa mapema. Upande wa sala, mwezi wa Julai jua la huku huzama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo adhuhuri tuliiswali kabla ya mchezo, na alasiri iliingia katikati ya zamu ya pili ya kupiga. Tukiwa sisi tunaopiga hapana tabu, maana wachezaji tisa huwa nje ya uwanja wakisubiri. Tukiwa tunalinda, nahodha wa wenyeji alikubali wawili wawili watoke na wachezaji wetu wa akiba waingie. Chumba cha kubadilishia nguo kilifagiliwa kwa ajili yetu bila sisi kuomba.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha. Tulifika tukakuta wazee wawili wakimwaga vumbi la mbao mahali mrushaji anapokanyagia, na mwingine akivuta kamba kuondoa maji juu ya majani. Mechi ilikuwa ianze saa 8 mchana. Manahodha walikagua pichi pamoja, wakabonyeza udongo kwa vidole, wakakubaliana kuanza saa 9 na kupunguza mchezo hadi ova 25 kwa kila timu, ova moja ikiwa ni mipira sita. Katika kriketi ya namna hii hakuna hesabu ya kompyuta; kuna watu wawili wanaoaminiana.

Wenyeji walikuwa tisa tu. Niliwapa wawili wetu, na mmoja wao alikuwa yule mrushaji wetu wa kasi. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, lakini kumpa mwenyeji mchezaji usiyemhitaji si ukarimu. Alimtoa mpigaji wetu wa kwanza kwa mpira wa nne.

Hapo ndipo tuliojifunzia mchezo Afrika Mashariki tulipopata somo. Kwetu wengi tulicheza juu ya mkeka uliotandazwa kwenye ardhi ngumu. Mpira hudunda juu na kukujia mbio, nawe unaupiga kwa nguvu zake wenyewe. Pichi ya Hampshire iliyoloa haikupi hivyo. Mpira unadunda, unakawia kidogo, halafu unapita chini ya goti. Anayekimbilia kuupiga anauinua hewani na kudakwa. Watatu wetu walitolewa hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia waliobaki wasubiri, wauache mpira ufike chini ya macho ndipo waucheze. Tulifika mikimbio 103, ndizo alama za kriketi, wenyeji wakazipita zikiwa zimebaki ova tatu. Hatukuwa na la kulalamikia.

Jambo moja la desturi nataka wanaoanza walijue. Katika mechi hizi waamuzi mara nyingi hutoka kwenye timu inayopiga. Yaani unasimama umevaa koti jeupe ukimhukumu mwenzako mliyekuja naye gari moja. Mpira ukimgonga mguuni ukaona wazi ungevipiga vile vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake, unainua kidole kumtoa. Jioni kabla ya mechi ya kwanza niliwaketisha wote nikawaambia hivyo, na Jumamosi kijana wetu wa miaka kumi na tisa alimtoa nahodha wetu namna hiyo, akiwa na mikimbio 31 na akiwa ndiye tegemeo letu. Nahodha aliondoka bila neno. Mwandishi wa alama wa wenyeji, bibi aliyeshika penseli nne zilizochongwa, aliniambia kwamba amezoea kuona wageni wakishindwa mtihani huo. Nilijivunia sana kijana yule.

Bibi huyo alimfundisha binti wa mmoja wetu kuandika kitabu cha alama. Kila mpira una nukta yake au tarakimu yake ndani ya kisanduku kidogo, na ova isiyotoa mkimbio wowote, nukta zake sita huunganishwa kwa mistari zikawa herufi M. Binti alikaa naye hadi mwisho, na Jumapili akaandika mechi nzima mwenyewe.

Baada ya mchezo timu zote mbili huenda baa ya kijiji. Sisi tusiokunywa pombe tulikwenda pia na kuagiza maji ya matunda, kwa sababu mechi haijakwisha kabla hamjaketi pamoja. Mwamuzi mmoja mzee aliposikia natoka Kenya, hakuuliza lolote ila alisema "Tikolo!" na kunishika mkono. Tukazungumza juu ya Kombe la Dunia la 2003, Kenya ilipofika nusu fainali chini ya unahodha wa Steve Tikolo, na siku ile Nairobi ambapo Collins Obuya aliwatoa Wasri Lanka watano huku akiruhusu mikimbio 24 tu. Alizikumbuka tarakimu hizo kama mimi. Sikutegemea kukuta katika kijiji kile mtu anayemkumbuka Obuya.

Jumapili asubuhi tulifanya ziara iliyonifanya nichague bonde hili. Tulianzia West Meon, kwenye makaburi ya kanisa, alipozikwa Thomas Lord aliyefariki mwaka 1832. Ndiye aliyeanzisha uwanja wa London unaoitwa Lord's hadi leo. Kisha tukapanda hadi Broadhalfpenny Down, kilima chenye upepo, uwanja upande mmoja wa barabara na baa ya Bat and Ball upande wa pili, na nguzo ya ukumbusho ya mawe. Hapa ndipo klabu ya kijiji cha Hambledon ilipocheza katika karne ya 18 na kuzishinda timu zilizokusanywa Uingereza nzima. Mwaka 1777 waliishinda timu hiyo ya Uingereza huko Sevenoaks kwa zamu nzima na mikimbio 168, yaani Uingereza ilipiga mara mbili na bado ikapungukiwa na mikimbio 168 kuifikia zamu moja ya Hambledon, James Aylward akipiga mikimbio 167 peke yake.

Nilimwomba Mjomba alete gongo lake nikaeleza kwa nini upana wake ni sentimita 10.8 na si zaidi. Mwaka 1771 mchezaji mmoja aitwaye White alikuja kucheza dhidi ya Hambledon na gongo pana kama vijiti vyenyewe. Watu wa Hambledon waliandika kupinga, na kipimo walichokitaka ndicho kilichoingia kwenye sheria, na hakijabadilika hadi leo. Enzi hizo vijiti vilikuwa viwili. Mwaka 1775 John Small wa Hambledon alikuwa akipiga, na mpira wa mrushaji Stevens ukapita katikati ya vijiti mara tatu bila kumtoa. Baada ya hapo ndipo kikaongezwa cha tatu. Mjomba alilitazama gongo lake kwa muda, kisha akasema, "Kumbe haya yote yaliamuliwa na watu wa kijijini." Kwangu mimi, safari nzima ilistahili kwa ajili ya kusikia hivyo.

Mechi ya Jumapili ilikuwa ya ova 35, jua likiwaka. Tulipiga kwanza tukapata mikimbio 171. Wenyeji walianza vibaya: mrushaji wetu wa kasi alitoa wanne, na kufikia ova ya 16 walikuwa 58 kwa wiketi tano, yaani mikimbio 58 na wapigaji watano wameshatolewa. Siku hiyo nahodha alikuwa mimi. Nilimpumzisha yule kijana wa kasi nikampa mpira Mjomba, anayerusha polepole kwa kuuzungusha.

Mwenzetu mmoja alinijia mbio kutoka mpakani. "Kaka, tumalize mechi! Unawapa nafasi ya nini?"

Nilimjibu kwamba walikuwa wamebaki ova 19 na wachezaji watano ambao hawajagusa mpira tangu mchana, pamoja na wetu watatu ambao hawajarusha hata mara moja wikendi nzima. Sikuwaambia warushaji wetu wategee. Niliwaambia warushe kwa bidii yao yote. Mjomba alitoa wawili, mmoja akidakwa karibu kabisa na mpaka. Lakini katikati yao mzee mmoja wa kijiji, fundi wa kuezeka paa, alisimama imara akapiga mikimbio 64. Ova ya mwisho walihitaji minne, wiketi moja mkononi: akitolewa mmoja tu, mechi imekwisha. Watu walitoka baa na glasi zao kuja kutazama. Waliipata mpira mmoja kabla ya mwisho.

Tulishindwa kwa wiketi moja, na hali ile ikirudi nitambadilisha mrushaji pale pale. Kila mtu kati ya wale ishirini na wawili alikuwa na kazi uwanjani hadi mpira wa mwisho kasoro mmoja, na katika safari ya namna hii hilo ndilo ninalolihesabu. Mwenzangu yule tulilizungumza hadi tunakaribia London. Hakukubaliana nami, na ana haki yake. Yeye anaamini heshima kwa mpinzani ni kumshinda upesi.

Jumatatu nilifunga hesabu, nikarudisha salio la pauni chache kwa kila mmoja, nikaandika barua za shukrani kwa waliotayarisha chai nikiwataja kwa majina. Katibu wa kijiji cha Jumapili alijibu siku ileile. Ametuwekea wikendi ya pili ya Julai mwakani, ova 40, na anauliza kama nao wanaweza kuja London mwezi Agosti. Sasa natafuta uwanja wa manispaa wenye pichi inayopigwa rola, na Mjomba amejitolea kupika sambusa za chai.