Mkono Uliotoka Kabla Sijasikia Moto

Jumapili iliyopita, katika jiko letu dogo mtaani Nyalenda hapa Kisumu, niligusa ukingo wa kikaango cha chapati nikidhani nashika mwiko. Mkono ulikuwa umekwisha kurudi kifuani ndipo nikasikia maumivu, na chapati niliyokuwa nikiigeuza ilikuwa imeangukia makaa. Binti wa kaka yangu, aliye kidato cha nne na ambaye siku hizi anadurusu biolojia usiku na mchana, hakunihurumia hata kidogo. Aliniuliza, "Shangazi, umetoa mkono kwanza au umeumia kwanza?"

Nilimjibu kwa kweli kwamba mkono ulitangulia, naye akafurahi kana kwamba nimeungua kwa ajili ya mtihani wake.

Ngozi ya kidole ina vipokezi vinavyotambua joto la kuunguza. Vikishtuliwa, habari hupita kwenye neva za mkono hadi kwenye ile kamba laini ya neva iliyohifadhiwa ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya shingoni. Huko hupokelewa na seli fupi ya kati, nayo huipokeza kwa neva inayoamuru misuli ya mkono ikunje kiwiko. Habari hiyohiyo huendelea kupanda ubongoni, lakini inapofika huko na kutambuliwa kuwa ni maumivu, mkono umekwisha kuondoka. Hilo ndilo tendo la refleksi: jibu la haraka, lisilongoja shauri, ambalo kwa kawaida hutokea kwa namna ileile.

Mtu akiwa mtulivu kiasi cha kujichunguza anapoungua, jambo ambalo si rahisi, atagundua kwamba maumivu huja mara mbili. Kwanza huja mchomo mkali kama wa sindano, kisha baada ya kitambo kidogo hufuata uchungu mzito unaopwita. Neva zinazobeba mchomo wa kwanza zimefunikwa utando wa mafuta na hupeleka habari kwa kasi ya kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Zile za uchungu wa pili hazina utando huo, na mwendo wake hauzidi sana mita 2 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kwenda soko la Kibuye. Nilipokuwa nikiingiza kidole kwenye maji baridi, uchungu wa pili ndio kwanza ulikuwa unawasili.

Hapo mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua omena, alitia neno. Alikumbusha siku alipoepua sufuria ya uji wa moto kwa vipande viwili vya kitambaa, kwa kuwa sufuria zetu hazina mikono, na kitambaa kimoja kikateleza. Chini yake alikuwa mjukuu wake wa miaka miwili, amekaa sakafuni akichezea kifuniko. Mama hakuiachilia ile sufuria. Alitembea nayo hatua tatu, akaiweka mezani taratibu, ndipo akapiga yowe. Vidole vyake vilitoka malengelenge. Binti alipomuuliza kwa nini hakuitupa, alijibu, "Ningeiachilia, uji ungemmwagikia nani?"

Mwanafunzi wangu alitatizika, kwa maana daftari lake lilisema kwamba ubongo hauhusiki. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ya daftari inafaa kwa kupata alama lakini inasema zaidi ya ukweli. Ubongo hausubiriwi, hilo ni sahihi. Ila una njia zake za kuteremsha amri kwenye uti wa mgongo na kuzituliza seli zile zinazoukunja mkono, hasa mtu anapojua mapema kwamba alichokishika ni cha moto na kwamba kukiachilia kutaleta madhara makubwa zaidi. Mimi niliguswa na moto bila kutazamia, ndiyo maana sikuwa na la kuzuia. Mama alikuwa amejiandaa tangu alipoinama. Sikatai kwamba ngozi ya viganja vyake, iliyokomaa kwa miaka mingi ya jembe na makaa, nayo ilimsaidia.

Ili kumwonyesha binti jambo hilo bila kumchoma mtu, tulimketisha mdogo wake ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia, nami nikamgonga kwa ubavu wa kiganja kwenye ukano ulio chini kidogo ya kilegesambwa. Mguu haukutikisika. Nikamwambia afungamanishe vidole vya mikono yake miwili na kuivuta kwa nguvu kana kwamba anataka kuitenganisha, kisha nikagonga tena, na mara hii mguu uliruka ukapiga kiti. Refleksi hiyo ya goti ilielezwa mwaka 1875 na madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kivyake. Mbinu ya kuvuta vidole nayo imepewa jina la Ernő Jendrassik wa Hungaria, aliyeieleza mwaka 1885. Refleksi ya goti ni fupi kuliko ile ya moto, kwa sababu neva iletayo habari kutoka kwenye msuli inaungana moja kwa moja na neva ya kuamuru, bila seli ya kati. Hata hivyo, kazi ya mikono iliyo mbali ilitosha kuiongezea nguvu. Kumbe hata njia fupi namna hiyo haijatengwa na mwili mzima.

Kuna refleksi nyingine ambazo nia yetu huzizuia kwa shida au haiziwezi kabisa. Kila jioni wadudu wa ziwa, wale tunaowaita sami, wanapotanda kama moshi, abiria wa bodaboda anayeelekea Dunga hufumba macho bila kuagizwa na mtu. Mdudu hugonga jicho moja tu, lakini macho yote mawili hufumba. Ndivyo ilivyo pia kwa mboni: stima ilipopotea usiku huo nilimmulika binti kwa tochi ya simu upande wa jicho la kulia, kwa muda mfupi, na mdogo wake akashuhudia mboni ya kushoto ikisinyaa sawa na ya kulia. Refleksi hizi hazipiti kwenye uti wa mgongo, bali kwenye shina la ubongo, na hakuna anayeweza kuikataza mboni yake isisinyae. Chafya na kikohozi kilichotupata pilipili ilipoingia kwenye mafuta ya moto navyo vinaratibiwa hukohuko.

Katika orodha yake ya mifano ya refleksi, binti alikuwa ameandika pia dereva wa matatu anayekanyaga breki akiona mbuzi barabarani. Nilimwambia afute mfano huo. Breki ni tendo la kujifunza, linalopita kwenye ubongo, na huchukua angalau sehemu ya tano ya sekunde hata kwa dereva aliye macho; goti huitika kwa chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Watangazaji wa mpira wanaosifu refleksi za golikipa nao wanakosea kwa mujibu wa biolojia, ingawa sitarajii waache.

Swali lake la mwisho ndilo lililonipendeza zaidi: msuli wa kukunja ukiamrishwa, ule wa kunyoosha hufanya nini? Hulegezwa. Wakati uleule ambapo neva moja inaamriwa kuchapuka, seli nyingine kwenye uti wa mgongo huinyamazisha neva ya msuli wa upande wa pili, la sivyo misuli hiyo ingevutana na mkono ungebaki palepale juu ya kikaango. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, alitumia miaka mingi kuchunguza unyamazishaji huo. Ubaya wa kuukosa unaonekana katika pepopunda. Sumu ya vijidudu vya ugonjwa huo huzuia seli za kunyamazisha zisitoe kemikali zake, na misuli ya pande zote hukaza kwa pamoja: taya hujifunga, mgongo hupinda kama upinde, na kelele ndogo tu huleta mshtuko mpya. Mama alisema amewahi kumwona mtoto mchanga wa jirani katika hali hiyo, zamani, kijijini. Hakuongeza neno, akarudia kuchambua omena zake.

Binti alifuta breki, akaandika mboni mahali pake. Kisha akainuka kuepua sufuria ya chai, akaigusa kwa vidole vitupu, na kabla sijamwonya alikuwa amekwisha kuruka nyuma.

"Kwanza mkono," alisema akipuliza vidole. Akatulia kidogo. "Sasa ndiyo yanakuja ya pili."